Funguo za Ukumbi: Waumini na Wafanyakazi wa Kitengela na Kajiado

Kitengela ni mji uliojengwa na mshahara. Zamani za karibu tu palikuwa malisho ya Wamaasai, ng'ombe wakila majani pamoja na nyumbu na pundamilia waliotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kila masika wakielekea tambarare za kusini. Kilichoyageuza malisho hayo kuwa mji ni viwanda vya majirani. Ukienda kilomita chache kaskazini, ukavuka mpaka wa kaunti na kuingia Mavoko, unakuta shirika la nyama la KMC lililoanzishwa mwaka 1950, kiwanda cha saruji cha East African Portland kilichofunguliwa hapo Athi River mwaka 1958, na eneo la viwanda vya kuuza nje (EPZ) lililotokana na sheria ya mwaka 1990. Ukishuka kusini kwa barabara ya Namanga hadi Isinya, mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua yanakulaki pande zote. Watu wanashona nguo Athi River, wanachuma waridi Isinya, na usiku wanalala Kitengela, kwa kuwa huko ndiko kulikopatikana chumba wanachokimudu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi wapatao 58,000 katika mji huu. Miaka 10 baadaye walikuwa wamepita 154,000.

Baada ya nyumba za kupanga na maduka, majengo yanayofuata kwa wingi mjini humo ni nyumba za ibada: makanisa ya mawe yenye viwanja vyao, ya mabati yaliyosimamishwa juzi, kumbi za kukodi juu ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na misikiti yenye madrasa zake. Anayeandika historia ya wafanyakazi kwa kawaida huyapita majengo haya bila kuyatazama. Hutazama kiwanda, ofisi ya chama cha wafanyakazi na mahakama. Mimi naona kwamba kuyapita hivyo ni kuacha nusu ya habari. Tangu siku za ukoloni hadi leo, jamii za waumini zimekuwa na sehemu katika ugomvi wa kazi na malipo katika nchi hii, na sehemu hiyo imekuwa ya aina mbili. Pale viongozi wa dini waliposema badala ya mfanyakazi, hata kwa nia njema kabisa, mara nyingi walipatana na mwajiri au na serikali kwa bei ambayo mfanyakazi mwenyewe asingeikubali. Pale walipomkopesha vitu asivyokuwa navyo, yaani paa la kukutania, jina ambalo mwajiri hawezi kulifuta kazi, na mtu wa kumsomea karatasi, walimsaidia kweli. Mambo ya Kajiado na majirani zake yanaonyesha aina zote mbili.

Kazi ya mshahara Kajiado ilianzia kwenye magadi. Mwaka 1911, mwaka uleule ambao Wamaasai walitiwa katika mkataba wa pili uliowahamisha kutoka Laikipia kwenda kusini, iliundwa kampuni ya kuchimba magadi katika ziwa la Magadi. Reli ya tawi ilitolewa Konza, ikapita Kajiado, ikafika ziwani mwaka 1915, na mji wa Kajiado wenyewe ulikua kando ya reli hiyo. Huko ziwani, penye joto linaloweza kupita nyuzi 40, kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, ikaleta maji, ikaendesha hospitali. Mfanyakazi aliyefutwa kazi alipoteza kibarua na kitanda siku moja. Mji wa namna hiyo unamfundisha mtu thamani ya sakafu isiyo mali ya mwajiri, na somo hilo halijapitwa na wakati.

Wakati reli ya Magadi inamalizika, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika. Sheria hiyo ya mwaka 1915 ilianza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na ndiyo iliyoleta kipande, karatasi iliyobebwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, ikionyesha mtu ameajiriwa na nani na kama ameachiliwa. Masetla walitaka mikono zaidi kuliko iliyojitolea. Tarehe 23 Oktoba 1919 ulitoka waraka wa gavana Edward Northey, ukitiwa saini na John Ainsworth, ukiwaagiza maofisa na machifu wahimize watu, wakiwemo wanawake na watoto waishio karibu na mashamba, watoke hifadhini wakafanye kazi za masetla. Machifu wasiosaidia majina yao yangeandikwa. Neno lililotumika lilikuwa kuhimiza, lakini kila aliyewahi kuhimizwa na chifu mwenye askari nyuma yake alijua maana yake.

Hapo ndipo dini ilipoingia waziwazi katika habari hii. Maaskofu wawili wa Kianglikana, Heywood wa Mombasa na Willis wa Uganda, pamoja na Daktari Arthur wa misheni ya Kanisa la Scotland, waliandika taarifa ya pamoja mwaka huohuo. Walisema kweli iliyohitaji kusemwa: kwamba kuhimiza kwa namna hiyo ni kulazimisha. Lakini suluhu yao ilikuwa kwamba, ikiwa lazima ipo, basi iwekwe katika sheria na kupewa mipaka. Mwafrika aliyekuwa akiburutwa kwenye shamba la kahawa hakuulizwa kama anataka kulazimishwa kwa utaratibu mzuri. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria iliyoruhusu watu kulazimishwa kufanya kazi za umma, kwa malipo, hadi siku 60 kwa mwaka. Siwashutumu maaskofu hao kuwa waliitunga wao. Nasema tu kwamba hoja yao haikuizuia, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuikubali misingi yake.

Aliyewajibu kwa ukali alikuwa mwenzao. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alichapisha kijitabu mwaka 1920 akikataa kazi ya lazima kabisa, iwe na sheria au isiwe nayo, akiieleza kuwa dhambi. Huko London, J. H. Oldham, katibu wa vyama vya misheni, aliandaa waraka na kukusanya sahihi za watu mashuhuri, akaupeleka kwa serikali. Mnamo Septemba 1921 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, aliagiza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena kuwatafutia waajiri binafsi wafanyakazi. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na ulitokana na watu wa dini waliotumia majina yao mahali ambapo jina la kibarua lisingesikika. Hata hivyo vikopo vya kipande vilibaki shingoni, na vita vya mshahara vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza.

Vilianza mwaka huohuo wa 1921, masetla walipokubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi. Harry Thuku, kijana aliyesomea misheni ya Kambui na kufanya kazi ya simu katika hazina ya serikali, aliongoza Chama cha Afrika Mashariki kupinga upunguzaji huo, kodi na kipande. Chama hicho kilikusanya Wakristo na Waislamu. Miongoni mwa viongozi wake alikuwemo Abdullah Tairara. Wamisheni waliomlea Thuku na wenzake hawakusimama naye, na Daktari Arthur, yuleyule wa taarifa ya 1919, alikuwa miongoni mwa waliompinga. Thuku alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 umati uliokusanyika kituo cha polisi Nairobi ukapigwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Mtu anaweza kupima pengo hapo. Mwaka 1919 misheni iliweza kumtetea mfanyakazi asiyesema. Mwaka 1922, alipoanza kusema mwenyewe, ilimwona mkorofi.

Shemasi Mkuu Walter Owen wa Nyanza alijaribu njia ya kati. Mwaka 1923 alikiunda upya chama cha vijana kilichojulikana kama Piny Owacho, akakipa jina jipya la chama cha walipakodi na ustawi, naye akawa rais wake. Kwa miaka mingi alipigania watu wa Nyanza kwa ujasiri usio wa kawaida, na mwishoni mwa miaka ya 1930 aliandika hadi magazeti ya Uingereza kuhusu watoto walioajiriwa mashambani. Masetla walimchukia kwa hilo. Lakini chini ya urais wake madai makali ya mwanzo yalilegea, na wanachama wakatumia nguvu nyingi kwenye vyoo vya shimo na kuua panya. Vyoo ni kitu kizuri. Ila wanachama walikuwa wamekutana Lundha mwaka 1921 kwa ajili ya kodi, kipande na ardhi.

Hapa msomaji ana haki ya kuleta pingamizi zito kuliko yote: kwamba dini haikuwa imekosea njia tu, bali kazi yake hasa ilikuwa kumnyamazisha mnyonge. Ushahidi wa pingamizi hili uko karibu sana na Kitengela. Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, baadhi ya waliokamatwa walifungwa Kajiado, akiwemo mwandishi Gakaara wa Wanjau. Mwaka uliofuata ilifunguliwa kambi ya Athi River chini ya Alan Knight, mfuasi wa harakati ya kidini iliyoitwa Moral Re-Armament, na Gakaara alifikishwa huko pia. Mahubiri, nyimbo, mafunzo na maungamo vilitumika hapo kama vyombo vya kumgeuza mfungwa, na aliyekataa kugeuka alibaki nyuma ya waya. Watu wa vyama vya wafanyakazi walikuwa miongoni mwa waliosakwa zaidi miaka hiyo: Fred Kubai na Makhan Singh walikwisha kukamatwa Mei 1950, na Operesheni Anvil ya Aprili 1954 ikawafagia viongozi wengi wa vyama Nairobi. Kwa hiyo ni kweli, kilomita chache kutoka vyumba wanavyolala washonaji wa leo, dini ilitumiwa kama kufuli.

Silikatai pingamizi hilo, wala silipunguzi. Ila halitoshi kuwa hukumu ya mwisho, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hata miaka hiyo kanisa halikuwa kitu kimoja: Kasisi Bewes wa chama cha misheni cha CMS alikuja Kenya mapema mwaka 1953, akaona jinsi polisi walivyowatesa watu, akarudi Uingereza na kusema. Ya pili ni nzito zaidi. Kambi ya Athi River ilifanya kwa ukatili kitu kilekile ambacho taarifa ya 1919 ilikifanya kwa upole: ilidhani inajua mema ya mtu kuliko mwenyewe. Tatizo hilo linatibika. Mshirika anayemwacha mfanyakazi aitaje shida yake kwa kinywa chake amekwisha kuachana na kambi ile.

Baada ya uhuru Baraza la Kikristo, ambalo leo ni NCCK, lilielekea upande huo, japo si moja kwa moja. Lilikuwa limeanzisha vituo vya ufundi kwa vijana wa mijini mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1968 kikosi chake cha kazi kilitoa ripoti iliyouliza nani anavimiliki viwanda vya Kenya, ikafuatilia majina ya wakurugenzi kutoka kampuni hadi kampuni. Naithamini ripoti ile kwa kuwa haikumhubiria mfanyakazi wala kumwombea tajiri. Ilimpa kila msomaji maarifa ambayo awali yalikaa kwenye makabati ya mawakili. Wakatoliki nao walikuwa na urithi wa waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, na kuanzia 1988 Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wa Kenya ikaupeleka urithi huo hadi parokiani, hasa kupitia kampeni za kila Kwaresima zinazojadiliwa katika jumuiya ndogondogo. Jumuiya ndogondogo ni watu 15 au 20 wa mtaa mmoja, wanakutana sebuleni mwa mmoja wao. Katika mji kama Kitengela maana yake ni kwamba mshonaji, mlinzi, mfagizi na mchuma maua wanakaa mkeka mmoja kila juma.

Mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ya EPZ. Wawekezaji walipewa miaka 10 bila kodi ya mapato, na viwanda vyao vikaondolewa katika sheria ya viwanda iliyosimamia usalama kazini; msamaha huo wa usalama uliondolewa baadaye. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika kupitia sheria yake ya AGOA mwaka 2000, cherehani za Athi River ziliongezeka haraka, na kufikia 2003 viwanda vya nguo vya EPZ nchini viliajiri zaidi ya watu 30,000, wengi wao wanawake. Januari mwaka huo, majuma machache baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani, migomo ililipuka Athi River na kuenea. Malalamiko yalikuwa ya kila siku: saa za ziada zisizolipwa, idadi ya vipande isiyofikika, mikataba ya muda mfupi isiyokoma, wasimamizi walioomba ngono, na kuzuiwa kujiunga na chama. Chama cha washonaji na wafanyakazi wa nguo kilikuwa kikizuiwa mlangoni. Ripoti ya Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ya mwaka 2004 iliyaeleza malalamiko hayo kwa urefu.

Katika mgomo ule sauti zilizosikika zaidi zilikuwa za wafanyakazi wenyewe, za chama chao na za watetezi wa haki za binadamu. Madhabahu hayakuongoza, na sidhani yalipaswa kuongoza. Lakini fikiria mgomo usio na ofisi, unaofanywa na watu ambao msimamizi akiwaona wamesimama wanne getini anaandika majina. Wanakutana wapi kuchagua wasemaji? Nani anaweka orodha ya waliofutwa? Nani anawapa unga wa juma la pili, wakati mwenye nyumba anagonga mlango? Hapo ndipo nyumba ya ibada ina kitu ambacho chama changa hakina. Nchi hii ilikwisha kuona jambo hilo nje ya viwanda. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, walipofukuzwa Uhuru Park kwa marungu na gesi ya machozi, walipokewa katika Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa chini ya paa lile kwa miezi mingi wakiendelea kudai wana wao. Kanisa halikuwaandikia madai. Liliwafungulia mlango, na madai yao yakaishi.

Kwenye maua, msaada wa waumini ulitoka mbali na ukafanya kazi kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Brot für die Welt, shirika la makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, liliungana na mashirika ya FIAN na terre des hommes katika kampeni ya kuwaeleza wanunuzi wa maua jinsi yanavyokuzwa. Mwaka 1998 vyama vya wafanyakazi na mashirika hayo yalitoa kanuni za kimataifa za maua ya kukata: uhuru wa kujiunga na chama, mshahara wa kumtosha mtu kuishi, kinga dhidi ya dawa za kunyunyizia, kutoajiri watoto. Shamba lililotaka kuuza kwa lebo ya kanuni hizo lililazimika kukubali ukaguzi. Karibu wakati huohuo, huko Thika, kampeni iliyounganisha Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na kituo kimoja cha Italia, kilichoongozwa na Francuccio Gesualdi, mwanafunzi wa padri Lorenzo Milani, iliibana Del Monte mpaka makubaliano ya mwaka 2001 kuhusu wafanyakazi wa mananasi. Mambo haya yalifaa. Mnunuzi wa Ulaya ana nguvu ambazo mchuma waridi wa Isinya hana. Lakini mkaguzi huja kwa miadi, akaondoka. Mnyunyiziaji aliyeingizwa kwenye nyumba ya plastiki kabla dawa haijakauka anamhitaji mtu wa hapohapo Kitengela, siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema kwamba kelele za namna hii hufukuza kazi. Wanaonyesha kwamba mfumo wa kimataifa wa mgao wa nguo ulipokwisha tarehe 1 Januari 2005, baadhi ya viwanda vya EPZ vilifungwa na maelfu wakarudi nyumbani. Tuutazame ushahidi huo vizuri. Viwanda vile vilifungwa kwa sababu nguo za China na India ziliachiliwa kuingia Marekani bila mgao huo. Mgomo wa 2003 haukuwa chanzo, wala unyonge wa mshonaji wa Athi River haukumwokoa. Miaka yote ambayo alizuiwa kujiunga na chama haikumpatia hata siku moja ya ziada ya ajira soko lilipogeuka. Kazi zinazotegemea saa zisizolipwa ni za kwanza kuhama, kwa kuwa daima kuna mahali pengine ambapo saa ni rahisi zaidi.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la ndani. Makanisa na taasisi za Kiislamu ni waajiri. Wanaajiri walimu, wauguzi, walinzi, wapishi wa shule, wafagizi wa ukumbi, na si wote wanaolipwa kwa wakati au kwa kima cha sheria. Torati inamtaka mwajiri amlipe kibarua kabla jua halijatua. Mtume Muhammad anasimuliwa kuamuru mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Mhubiri anayeyasoma haya Ijumaa au Jumapili huku mlinzi wa lango lake hajalipwa miezi miwili hawezi kwenda kumsemea mshonaji. Jibu si kwamba anyamaze hadi awe mkamilifu. Aanze na lango lake, kwa hati ya mshahara na mkataba wa maandishi, na awaruhusu wafanyakazi wake waingie chama. Akifanya hivyo atakuwa amejipa haki ya kusema barabara nzima ya Namanga.

Pia kuna kazi ya upatanishi, ambayo viongozi wa dini wanaipenda kwa kuwa haiwagombanishi na mtu. Wakati mwingine inafaa kweli. Mgomo wa madaktari ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 ulidumu siku 100, viongozi saba wa chama chao wakatiwa jela Februari, na ni viongozi wa dini waliosaidia kufikisha makubaliano ya tarehe 14 Machi 2017. Lakini madaktari walikuja mezani wakiwa na chama, mawakili, na mkataba wa pamoja uliotiwa saini mwaka 2013. Upatanishi ulikuwa kati ya pande mbili zenye uzito. Mchuma maua asiye na chama akiitwa kwenye upatanisho na meneja, huku mchungaji akiwa katikati, ataambiwa avumilie, nao wataomba pamoja. Kwake yeye chama kinatangulia upatanisho.

Na sheria iko upande wake sasa, kuliko wakati wowote tangu Magadi. Sheria za kazi za mwaka 2007 na Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 vinampa haki ya malipo ya haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ampe hati inayoonyesha kila kilichokatwa, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya udhalilishaji wa kingono. Lakini itazame hati yenyewe mkononi mwa aliyeipokea. Ni karatasi nyembamba, maandishi madogo, vifupisho vitupu: NSSF, SHIF asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, halafu namba ya chini ambayo ndiyo peke yake anayoisoma. Saa za ziada zimeandikwa 8 na yeye anakumbuka 20. Akimwuliza msimamizi, amejitaja. Akiiweka juu ya benchi la kanisa baada ya ibada, mbele ya mwalimu au karani ambaye naye ni muumini wa hapo, akaletewa kikokotoo na sheria, makosa yataonekana kwa dakika 10. Wakija 30 wenye karatasi za shamba moja zenye kosa lilelile, hapo pamezaliwa dai.

Kuna jambo jingine karatasi hizo zitaonyesha. Kuanzia Mei 2022 kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kilikuwa shilingi 15,201 kwa mwezi. Cha kibarua wa shambani asiye na ujuzi kilikuwa shilingi 7,544. Asilimia 6 iliyoongezwa mwaka 2024 iliongeza vyote viwili na pengo likabaki. Amri za kima cha chini zinapanga mshahara kwa mahali na aina ya kazi, lakini mchuma waridi na anayesafiri kila asubuhi kwenda kazini Nairobi wanapanga ploti moja Kitengela na kununua unga duka moja. Vyama vya wafanyakazi wa mashambani vimepata mikataba iliyo juu ya kima hicho katika baadhi ya mashamba, na hilo ndilo linaloonyesha chama kinafaa nini.

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira kinampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kwa wengi wa Kitengela siku hiyo ni Jumapili, kwa Wasabato ni Jumamosi, na Mwislamu anahitaji angalau saa ya swala ya Ijumaa. Ndiyo siku pekee ambayo mwajiri hana amri juu ya mwili wa mfanyakazi, na ndiyo siku ambayo nyumba ya ibada inamwona. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inasema chama kikisajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, mwajiri lazima akitambue. Nusu hiyo haiwezi kuhesabiwa getini. Mwaka 1999 Waislamu, Wakristo na Wahindu walikaa pamoja Ufungamano House kuidai katiba mpya, kwa hiyo kukaa pamoja kwa ajili ya hati za mshahara si jambo lisilowezekana. Wazee wa kanisa, akina mama wa ushirika, wanakamati wa misikiti ya Kitengela, Isinya na Kajiado: kumbi zenu hufungwa kuanzia saa nane mchana siku ya ibada hadi juma lijalo. Wapeni wafanyakazi funguo, wakae humo wenyewe, na msiwaandikie ajenda.